Sala Niliyoitafsiri Muleba

Mwaka 1964, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo taabu yangu ilipoanza, na sikuletewa na mtu. Niliitoa mdomoni mwangu mwenyewe, mchana kweupe, nimesimama wima, najiona msomi. Nasema hivi mapema ili anayesoma asihangaike kutafuta wa kumlaumu. Elimu yangu ni darasa la nne. Kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii, na haya nayaandika kwa mikono hiyo hiyo; kama kuna neno limekaa vibaya ni langu, liachwe. Nisingeyaandika kama tusingemzika Ma Eunike mwezi uliopita, kule mlimani juu ya Muleba. Alikuwa amevuka miaka tisini. Mchungaji aliyemzika ni kijana wa siku hizi, Kihaya kinamkwama, akaomba kwa Kiswahili: Bwana umpokee, Bwana umpumzishe, Bwana utufariji. Nilihesabu Bwana kumi na moja, halafu nikashindwa kuendelea kuhesabu kwa sababu ya machozi. Mama mmoja pembeni yangu alidhani namlilia marehemu, akanishika bega akaniambia nisilie, mzee kala chumvi nyingi. Mimi nilikuwa nalia neno.

Nyumba ya Ma Eunike na mumewe, Ta Zakaria, ilikuwa ya miti na udongo, bati juu, vyumba vitatu, katikati ya kibanja cha migomba ambayo majani yake yaligusa dirisha hata mvua ikinyesha ulidhani mtu anapapasa ukuta. Ta Zakaria alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri pale kijijini. Watoto hawakujaliwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akawa anaona watu kama vivuli, ndipo nikachukuliwa mimi nikae nao nimsomee. Nilikuwa najua kusoma Kihaya na Kiswahili, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Niliujua uzuri wake na nilipenda wengine waujue. Asubuhi tulikaa chumba cha mbele, kwenye nyasi mbichi ambazo Ma Eunike alizibadilisha kila Jumamosi, na chumba kizima kilinuka nyasi hizo na kahawa iliyoanikwa nje kwenye majamvi. Tulikula kiporo cha ebitoke, ndizi zetu za kupika, kilichopashwa makaani, maharage kando. Kisha nilifungua kijitabu cha masomo ya kila siku, nikasoma mstari wa siku ile kwa Kihaya, mara mbili, polepole. Nilisikia kuku nje, nilisikia Ma Eunike akisugua sufuria. Halafu Ta Zakaria alisema, "Haya Rebeka, jibu."

Hilo jibu ndilo lililokuwa sala. Kwake yeye Maandiko ya siku yalikuwa barua, na sala ni majibu ya barua. Mtu akikuandikia habari za ng'ombe, alisema, humjibu habari za mbuzi. Sala yangu ya kwanza niliandika Mungu atubariki, atupe afya, mvua inyeshe, amina. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akauliza mstari uko wapi hapo. Akasema nimemwendea Mungu kama mtu anayeingia kwa jirani kuomba chumvi bila hata salamu. Sheria yake ilikuwa moja: chukua neno lile lile ambalo Mungu amelitumia leo, umrudishie. Kama leo amesema kisima, mjibu kisima. Kama amesema mlango, mjibu mlango. Usimbadilishie neno. Niliandika, akakataa, niliandika, akakataa, baada ya mwezi siku moja akasema, "Hiyo nakili." Ilikuwa ya mama mmoja aliyezika watoto watatu na hakuweza tena kufungua mdomo kanisani. Somo lilikuwa la Yesu kuketi kisimani kwa uchovu. Niliandika hivi: Wewe uliyechoka ukaketi kisimani, sogea kidogo, na mimi nimechoka. Basi. Yule mama aliibeba karatasi ile ndani ya kitambaa cha kichwani mpaka ikaoza.

Baada ya hapo walikuja. Walikuja na mayai, na kibaba cha karanga, na wengine mikono mitupu, wakakaa mlangoni wananieleza shida zao nikiwa nimeinamia daftari kama daktari. Mimi msichana wa darasa la nne, wanawake wenye wajukuu wananiambia "waitu, tusaidie," kwa heshima ileile wanayompa mkubwa. Ma Eunike alikuwa na yake ya kusema. Alikuwa anamenya ndizi, haniangalii, anasema kwamba Mungu alikuwa anasikia kabla daftari halijafika Muleba. Ta Zakaria alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba bila mkono wangu zile sala zisingefika. Leo, nikiwa na umri mkubwa kuliko waliokuwa nao wao wakati ule, naona kwamba kiburi changu kilianzia pale penye kitu kizuri, na ndiyo maana sikukishtukia.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasiojua lugha yetu. Katika Kihaya, Mungu tunamwita kwa majina kadhaa, na mojawapo ni Omukama. Omukama ni Bwana wa mbinguni. Na Omukama huyo huyo, kwa neno lile lile, ni chifu aliyekaa kikale, yaani ikulu ya jadi, akapigiwa ngoma. Mtoto wa Kihaya hasumbuki. Anajua ukiwa kanisani ni yupi na ukiwa barazani ni yupi. Lakini siku zile Uhuru ulikuwa mchanga, na machifu walikuwa wametolewa madarakani si muda mrefu. Wengine walifurahi, wengine walinung'unika chini chini, na serikali ilitega sikio. Na Ta Zakaria alikuwa mtu wa ukoo wa wapiga ngoma wa kikale. Baba yake aliipiga ile ngoma. Yeye mwenyewe hakuigusa, alikimbilia kanisani akiwa kijana, lakini ukoo haukimbiwi.

Ilikuwa Novemba, majira ya senene. Jumamosi akina mama walikusanyika kwetu, kila mmoja na ungo wake, wakawa wanang'oa mabawa na miguu ya senene huku mimi nawasomea. Somo la wiki ile lilikuwa lile la mwenye nyumba aliyesafiri, akaacha watumishi, na mtumishi mmoja mbaya akaanza kulewa na kuwapiga wenzake kwa kuwa mwenye nyumba amekawia. Katika Kihaya yule mwenye nyumba ni omukama. Nami nilifuata sheria: usimbadilishie neno. Nikaandika sala ambayo mpaka leo naona ndiyo niliyoiandika vizuri kuliko zote, nikanakili karatasi kumi na mbili. Nilipofika pale pa mtumishi mlevi, Ma Koku, mama mmoja mwenye ulimi, akasema bila kuinua uso kwenye ungo wake kwamba mtumishi huyo anamjua, anakaa nyuma ya duka, na juzi kaanguka mtaroni na baiskeli ya chama. Walicheka mpaka senene wakamwagika. Kila mtu alijua anasemwa katibu wa tawi. Hata Ta Zakaria alitabasamu, kisha akawakataza. Utani ule ulitoka mlangoni kabla ya wenye utani. Siku ya Jumatatu ulikuwa umefika dukani, na karatasi moja ilikuwa mfukoni mwa katibu. Yeye ni Mhaya kama sisi, alielewa kila neno. Lakini mtu aliyechekwa haelewi anachokijua. Aliipeleka karatasi Muleba, akasema kuna mwinjilisti wa ukoo wa ngoma anasambaza maandishi ya kumwita chifu arudi.

Tuliitwa Jumatano. Tulishuka kwa miguu, Ta Zakaria ameshika bega langu, na njiani alinikumbusha mara mbili kwamba wakiuliza, yeye ndiye mwenye nyumba na yeye ndiye atajibu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, picha ukutani, na karani wa Kihaya ambaye nilimfahamu kwa sura. Afisa alikuwa mtu wa mbali, wa kusini nadhani, sauti yake ya upole, Kiswahili chake kinatiririka. Sikuwahi kusikia Kiswahili kizuri namna ile kutoka kwa mtu mzima aliye hai. Alitupa viti. Akanyoosha ile karatasi mezani kwa kiganja, akauliza nani ameandika. Ta Zakaria alifungua mdomo. Mimi nikawahi.

"Nimeandika mimi."

Afisa alinitazama, naona kama alipendezwa. Akasema vizuri, basi aliyeandika ndiye atasoma kwa Kiswahili, na mzee anyamaze mpaka aulizwe. Watu wamenifariji miaka yote kwamba niliogopa. Sikuogopa. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mtu mkubwa alitaka kusikia nilichoandika mimi, na kwa Kiswahili, lugha niliyoipata kwa viboko darasani na ambayo kijijini sikuwa na wa kumwonyesha. Nikasimama. Nikafika kwenye neno la kwanza, Omukama, na hapo nikafikiri. Sikukosea kwa haraka, nilifikiri kwanza. Sala zetu zote na nyimbo zetu zote zilikuwa kwa Kihaya. Neno "Bwana" mimi nililijua kwa watu wa namna mbili: Bwana Shamba, aliyekuja kukagua kahawa yetu na kutukaripia, na Bwana Afya, aliyekuja kuchungulia vyoo. Na Ta Zakaria muda ule ule alikuwa amemjibu yule afisa "ndiyo bwana". Nikaona haifai kumvisha Mungu nguo moja na mkagua vyoo. Nikachagua neno kubwa kuliko yote niliyofundishwa shuleni. Nikasoma kwa sauti, kama niko kwenye mashindano:

"Ewe Chifu wetu uliyesafiri, nyumba yako tumeifagia. Wale wanaolewa na kuwapiga wenzao wanasema hurudi. Sisi tunakungoja. Rudi, uwatoe, ukae mahali pako."

Karani aliacha kuandika. Afisa akamuuliza kama kweli neno lile ni chifu. Karani akakuna sikio, akasema ndiyo mzee, neno hilo lina maana hiyo. Hakusema uongo. Aliuacha ukweli nusu ndani ya sikio lake, kwa sababu katibu wa tawi alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Lakini afisa yule, na hili nimelisema kila nilipoulizwa, hakuwa mtu mbaya. Aliinama mezani akanifungulia mlango.

"Binti, tazama tena. Au ulitaka kusema Bwana?"

"Hapana," nikasema. "Bwana ni kama ninyi. Huyu ni mkubwa kuliko ninyi."

Ta Zakaria aliguna kama mtu aliyekanyagwa. Akaniambia kwa Kihaya, haraka, Rebeka mwanangu, mwambie ni Yesu. Afisa akanyanyua mkono, akasema mzee asimfundishe shahidi. Ndipo nikaelewa. Nikaanza kusema kwamba ni Mungu, ni Yesu, chifu ni Mungu, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyosikika kama mtu aliyetishwa. Afisa akasema taratibu, sasa amekuwa Mungu. Akamuuliza Ta Zakaria ukoo wake. Ta Zakaria hakuwa mtu wa kuficha ukoo wake. Akautaja, na kazi ya ukoo huo pia akaitaja alipoulizwa. Karani akaandika. Maneno yangu yaliandikwa kwenye karatasi ya serikali, nikapewa kalamu. Niliweka sahihi kwa mwandiko wangu mzuri.

Ta Zakaria alipandishwa kwenye gari kwenda Bukoba saa ile ile. Alikuwa hajui ngazi ya gari iko wapi, nikamshika mguu nikauweka. Nilirudi mlimani peke yangu. Ma Eunike alikuwa ameshapata habari kabla sijafika. Alikuwa ameivisha ebitoke, ameweka kwenye jani mafungu matatu kwa mazoea, kisha akaliunganisha la tatu na langu. Nikamweleza kila kitu, hata lile la Bwana ni kama ninyi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kula," akasema. "Ungekuwa mjinga zaidi kidogo, ungelia tu pale, wangemwachia. Ungekuwa msomi zaidi kidogo, ungesema Bwana. Mungu alinipa wewe wa katikati."

Hakuwahi kunisema tena baada ya hapo. Nilimngoja anipige, anifukuze, aniumbue mbele ya watu. Hakufanya. Alinipikia kama jana.

Nilikwenda Bukoba. Nilikaa kwenye benchi la ofisi siku tatu, nikala mahindi ya kuchoma, nikawaeleza makarani wanne kwamba nilitafsiri vibaya. Wa mwisho alikuwa mkweli, akaniambia maneno ya kwanza ndiyo maneno. Ya pili ni ya kufundishwa. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa. Wakasema wataomba, na tusichochee. Ma Koku, aliyeanzisha kicheko, aliacha kuja kwetu, na karatasi zile nyingine kumi na moja watu walizichoma jikoni kwao. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata tukaambiwa Ta Zakaria hatafungwa, amehamishwa tu, akae mkoa mwingine, mbali, mpaka itakapoamuliwa. Watu walinipongeza kwamba hajafungwa.

Barua yake ilikuja mwezi wa nne, kwa Kiswahili, kwa mkono wa mtu mwingine. Nilimsomea Ma Eunike uani. Alisema hajambo, kifua kinambana kidogo. Alisema anakokaa hakuna hata mtu mmoja anayejua Kihaya, na tangu afike hajasikia sala kwa lugha yake isipokuwa ya mdomo wake, na ya mdomo wake ameichoka. Akasema mwenzake mmoja pale anajua kusoma. Tukimwandikia sala moja kwa Kihaya, mwenzake ataisoma hivyo hivyo bila kuelewa, herufi kwa herufi, na yeye atasikiliza ataelewa. Alitaja na somo la kujibu, akaweka maneno haya mwisho: Rebeka ajibu.

Nilikaa na kalamu siku nne. Ma Eunike alinitengea meza, akanikataza kazi zote, hata maji alichota mwenyewe. Somo nililijua, jibu nililijua, lilikuwa la mistari mitatu tu. Kila nilipoanza neno la kwanza lilikuwa Omukama, na mkono ulikataa. Nikijaribu kulikwepa, sheria yake inanisuta: usimbadilishie neno. Siku ya tano nikamwambia Ma Eunike kesho. Wiki ya pili nikamwambia kesho. Wiki ya tatu ilikuja habari kwamba Ta Zakaria amefariki kwa kifua na amezikwa huko huko. Ma Eunike aliingia ndani, akaichukua ile meza, akairudisha mahali pake ukutani. Nilikusanya nguo zangu, sikuagwa wala sikufukuzwa.

Miezi ile iliniishia hivyo. Yaliyofuata si ya sura hii: nilishona nguo, nikauza ndizi Bukoba, zikaja siku za ujamaa nikasimamia duka la kijiji kwa sababu nilikuwa najua kuandika, nikajenga. Kiswahili nilikisaka kama mtu anayemtafuta mwizi wake, neno baada ya neno, na leo hakuna wa kunidanganya kwa lugha hiyo. Kila Krismasi nilimpelekea Ma Eunike sukari, chumvi na kitenge. Alipokea vyote. Kila mara alinirudishia mfuko mtupu, umefuliwa na kukunjwa, na salamu za heshima. Kwa zaidi ya miaka hamsini sikuwahi kupata mfuko ule ukiwa na kitu ndani, hata ndizi moja, na kwa Mhaya, ambaye chombo cha zawadi hakirudishi kitupu, hayo ni maneno tosha. Nilikuwa nangoja siku atakayokosea akatia hata limau. Sasa amezikwa. Masomo ya kila siku nayasoma bado, kila asubuhi, mara mbili, polepole. Nikimaliza nafunga kitabu. Sijibu. Watu wa kanisa wananiona mcha Mungu kwa ule ukimya, nami sijawakatalia, na kaburi la Ta Zakaria sijui liko upande gani wa nchi.

Mali yangu leo ni hii, yote kwa jina langu. Nyumba ya matofali Rwamishenye, vyumba sita, vinne wamepanga watu. Kibanja Maruku, migomba na kahawa. Ng'ombe wawili na ndama. Cherehani mbili, moja haifanyi kazi. Kitanda cha mninga. Redio. Miwani miwili. Kamusi tatu za Kiswahili, ya kwanza imekwisha jalada.